Machela ya Mbambakofi

Fundi Jaffar hakuwa mtu wa mikutano. Alikuwa mtu wa patasi na randa, akichonga milango ya nakshi katika karakana yake Mji wa Kale, na jioni akirudi nyumbani na unga wa mbao kwenye nyusi. Lakini siku moja mchana nduguye, Sabir, alishikwa na kifua. Gari la wagonjwa likaja upesi, likafika barabarani, likasimama papo hapo. Vichochoro vya mtaa wao havipitishi gari. Vyapitisha watu, paka na mikokoteni, na mikokoteni yenyewe ni kwa kuombana radhi. Ikabidi Sabir abebwe kwenye mkeka, watu wanne wakivuta pembe, na kila walipokata kona kichwa chake kiligonga ukuta. Kifua kilipona baada ya siku chache. Nundu za kichwani zilikawia zaidi.

Tangu hapo Jaffar akaingia kamati ya mtaa ya kujikinga na maafa, na haukupita muda akawa mwenyekiti wake, kwa kuwa wengine wote waliangalia chini uchaguzi ulipoanza.

Kamati ilikuwa chini ya mradi mmoja uliofundisha mitaa yenye msongamano namna ya kujiandaa kwa moto, mafuriko na nyumba kuukuu kuporomoka. Mkufunzi wao alikuwa Nasiha, msichana aliyekaa mtaa wa Buxton, mpole wa sauti lakini asiyekubali kurushwa. Kila Jumamosi alikuja na kuwafundisha kwenye kiwanja kidogo mwisho wa kichochoro. Moto wa mafuta haumwagiwi maji. Ukuta ukitoa ufa mpya, semeni. King'ora kikilia, acheni kila kitu mlichoshika, tokeni, mje hapa kiwanjani.

"Kila kitu?" aliuliza Bi Mwanakhamis, mpishi wa viazi karai aliyejulikana mtaa mzima.

"Kila kitu, Bi Mwanakhamis. Kitu chanunulika, mtu hanunuliki."

Bi Mwanakhamis akaitika kwa kichwa. Alikuwa mwanafunzi mtiifu sana, na hilo ndilo lililokuja kuleta matatizo.

Mradi uliwaletea vifaa: king'ora cha kuzungusha kwa mkono, vizibao vya rangi ya machungwa, mtungi wa kuzimia moto, na machela ya plastiki. Jaffar aliishika ile machela, akaigonga kwa kidole, akaisikiliza kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Hii ni sinia," akasema. "Mtu hatiwi kwenye sinia kama biriani."

Akampa Bi Mwanakhamis, naye akaanikia pilipili. Kisha Jaffar akajifungia karakanani. Alikuwa na mbao za mbambakofi zilizobaki kwenye mlango wa tajiri mmoja, mbao ngumu ambazo msumari huziingia kwa kubembelezwa. Alipotoka, alitoka na machela ambayo haijapata kuonekana pwani yote. Ilikuwa na maua pembeni, minyororo ya nakshi kando kando, na upande wa kichwani mashada mawili ya zabibu. Watu walikuja kuiangalia kama waendavyo kumwona bi harusi. Mahamali wanne, wachukuzi wa mizigo wa soko la Marikiti, waliitwa waijaribu, wakainyanyua, wakaitua tena, wakaangaliana.

"Fundi," alisema Ngowa, mkubwa wao, "na mgonjwa tumpakie huku huku?"

"Mgonjwa huwa mwepesi," Jaffar akamjibu. "Maradhi yamemkondesha."

Nasiha aliizunguka mara mbili. "Nzuri sana, Fundi. Lakini umeipima na ile kona ya kwa Bi Mwanakhamis?"

"Binti yangu, kona ile naijua tangu mamako hajazaliwa."

Hakuwa ameipima.

Basi ikaja habari kwamba wageni wangefika kutoka Msumbiji, Bangladesh na Ufilipino. Walikuwa wakizunguka nchi zinazoendelea kama zao, waone wenzao wamefika wapi katika kupunguza madhara ya maafa, wachukue la kuchukua. Walikuwa wameshapita mtaa wa Majengo, na huko zoezi la kujiokoa lilifana: mtaa mzima ulitoka nyumbani kwa utaratibu, wazee mbele, hata mbuzi wakatolewa na kamba zao. Watu wa Majengo hawakunyamaza nalo. Jaffar alipokwenda kununua gundi, muuzaji alimwuliza, "Na nyinyi wa Mji wa Kale mtaweza?" Jaffar akaiacha gundi juu ya meza akaondoka.

Zoezi lilihitaji majeruhi, na hapo pakazuka vita.

"Majeruhi ni mimi," alisema Zarina, mwenye duka la vitambaa. Babu yake alikuja na meli kutoka Kachi, ng'ambo ya bahari, na yeye mwenyewe alizaliwa kichochoro hicho hicho, milango michache kupita kwa Bi Mwanakhamis. "Mimi nina uzoefu. Nimepasuliwa nyongo."

"Nyongo na nyumba kuanguka wapi na wapi?" Bi Mwanakhamis akadakia. "Mimi nimeporomoka ngazi, na watu walishuhudia."

"Uliporomoka kwa kukimbilia simu, shoga yangu."

"Nilipoanguka sikuulizwa nakimbilia nini!"

Nasiha akapendekeza kila mmoja alie kidogo, kamati ichague. Bi Mwanakhamis akalia vizuri, kwa adabu. Zarina akavuta pumzi, akatoa kilio ambacho kilimfanya mpita njia asiyewajua aingie ndani, avue kofia na kuwapa pole ya msiba. Hapo hapakuwa na la kupigia kura.

"Utakuwa umevunjika mguu," Nasiha akamwambia.

"Mguu tu? Watu watoke Bangladesh waje kuniangalia mguu? Mimi ni mahututi."

Ikawa mahututi. Bi Mwanakhamis akapewa kazi ya kuwakaangia wageni viazi karai, akaipokea kama mtu aliyepokonywa urithi.

Siku yenyewe ikafika, jua kali, anga safi. Wageni walipangwa kiwanjani chini ya turubai, wakanyunyiziwa marashi na kupewa maji ya madafu. Mgeni wa Msumbiji, bwana mrefu mwenye miwani, alizaliwa kaskazini ya nchi yake na alijua Kiswahili, kwa hiyo ndiye aliyewatafsiria wenzake. Jaffar alivaa kizibao juu ya kanzu. Alikuwa amenyoa mpaka shavu linang'aa. Akamwashiria Nasiha, na Nasiha akakizungusha king'ora.

Mlio ule ulipanda juu ya mapaa, na kila mlango ukafunguka. Watu walitoka! Wanawake na watoto wao, washonaji na sindano midomoni, kinyozi, na mteja wake amenyolewa upande mmoja. Hakuna aliyesukumana. Bi Mwanakhamis naye alikuwa jikoni, mwiko mkononi, viazi vikielea katika mafuta. Aliposikia king'ora alikumbuka alivyofundishwa. Akaacha kila kitu. Aliuacha mwiko, akaviacha viazi, akaliacha jiko la gesi likiwaka, akatoka mbio mpaka kiwanjani na kujipanga wa kwanza, akihema kwa fahari.

Jaffar alitaka kulia kwa furaha. "Sasa machela!" akapaza sauti.

Zarina alikuwa amelazwa tayari nyumbani kwake, ndani kabisa ya kichochoro. Amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, na usoni amejipaka unga wa muhogo ili apauke. Mahamali wakambeba, wawili mbele, Ngowa na mwenzake nyuma, migongo imewapinda. Zarina akaanza kuugua. Aliugua kwa sauti ya juu, akaugua kwa sauti ya chini, akawaaga wanawe, akawaachia wosia kuhusu duka. Mgeni wa Ufilipino akatoa kitambaa cha kufutia machozi.

Wakaifikia kona ya kwa Bi Mwanakhamis. Machela ikaingia nusu, ikalia *kwaa*, ikakwama.

"Rudisheni nyuma," akasema Jaffar. Wakavuta. Haikurudi.

"Sukumeni." Wakasukuma. Mashada ya zabibu yakazama zaidi kwenye chokaa ya ukuta, na upande wa pili maua yakauma bomba la maji ya mvua. Ikawa imekaa pale baina ya nyumba mbili, imefika kifuani mwa mtu, imara kama rafu ya vyombo, na juu yake Zarina.

"Bi Zarina," Jaffar akanong'ona, "teremka kidogo tuilaze ubavu."

Zarina hakufumbua macho. "Mahututi hateremki."

"Ni dakika moja tu."

"Fundi, wageni watizama. Nikiteremka watasema sisi ni waongo. Mimi sina fahamu."

"Mbona wazungumza?"

"Naweweseka."

Wageni walisogea karibu kupiga picha. Mgeni wa Bangladesh aliuliza swali refu, na yule wa Msumbiji akalitafsiri: "Auliza, hii ni sehemu ya zoezi? Njia kuziba?"

Jaffar aliitazama machela yake. Hakuwa mtu wa kusema uongo, lakini siku hiyo ulimi ulimtangulia. "Ndiyo. Tumeizuia makusudi. Tuone watu watafanyaje."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuvutiwa. Wakati huo huo, nyuma ya machela, moshi ukaanza kutoka dirishani kwa Bi Mwanakhamis. Kwanza ulikuwa mwembamba, mweupe. Kisha ukawa mweusi, ukatanda kichochoro. Wageni wakapiga makofi.

"Mmeandaa mpaka moshi!" akasema wa Msumbiji. "Majengo hawakuwa na moshi."

Jaffar aliposikia hivyo alifurahi, kisha akautazama tena ule moshi. Akamgeukia Nasiha. Nasiha alikuwa amesimama na king'ora mkononi, rangi imemtoka.

"Fundi," akasema polepole, "moshi sisi hatukuupanga."

Bi Mwanakhamis akanusa. Akanusa tena. "Viazi vyangu!" akapiga ukelele. "Sikuzima jiko! Mlisema kila kitu! Mlisema niache kila kitu!"

Huku nyuma Ngowa alishaona miale dirishani. Akaiachia machela, nayo haikuanguka wala kutikisika, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni mwa jirani, akaiinua akielekea jikoni.

Hapo mahututi akaketi.

"Weka ndoo chini!" Zarina alipiga kelele kwa sauti iliyozidi king'ora. "We Ngowa! Mafuta hayamwagiwi maji! Wataka kuliteketeza jiko na nyumba yake?"

Ngowa, aliyekuwa akibeba mtu wa kufa, alimwona mtu huyo ameketi wima, uso mweupe kama sanda, akimnyooshea kidole. Aliiweka ndoo chini taratibu kabisa.

Zarina akajiburura, akateremkia upande wa nyuma, akalichovya shuka lake lote ndani ya ndoo, akalikamua, akaingia jikoni. Huku mbele Bi Mwanakhamis hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti, akatambaa chini ya machela, buibui likanasa kwenye mnyororo wa nakshi, akalivua akaliacha likining'inia, akatokea upande wa pili na dera lake la nyumbani. Mgeni wa Msumbiji akamfuata kwa kutambaa, miwani mkononi.

Jikoni karai lilikuwa linawaka juu. Bi Mwanakhamis akaufikia mtungi wa gesi na kuufunga. Zarina akalitandaza shuka bichi mbele yake kama ngao, akasogea, akalifunika karai lote. Moto ukafoka, ukafukuta, ukafa. Walibaki wanawake wawili wamesimama katika moshi, mmoja mweupe kwa unga, mmoja mweusi kwa masizi.

"Kweli wewe ni fundi wa kufa," alisema Bi Mwanakhamis, akikohoa.

"Na wewe ni fundi wa kutii," akajibu Zarina, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka wakashikana.

Lakini Jaffar hakuyajua hayo. Yeye alikuwa upande wa kiwanjani na mtungi wa kuzimia moto, na machela yake imemzibia njia, wala kutambaa na mtungi hakukumjia akilini. Aliiangalia kwa muda ambao mtu huangalia kitu anachokipenda na ambacho lazima akipoteze. Akakimbilia karakanani, akarudi na nyundo kubwa. Pigo la kwanza lilivunja zabibu. La pili likang'oa maua. Alilia waziwazi, kila pigo na chozi lake, na mgeni wa Ufilipino, aliyekuwa na kitambaa tayari, akalia pamoja naye. Mwishowe mbambakofi ikapasuka, machela ikaanguka vipande viwili, na Jaffar akapita juu yake, akaingia jikoni kama simba na kubonyeza mtungi.

Moto ulikuwa umeshazimika. Unga mweupe wa mtungi ulijaa jiko zima, ukamfunika Bi Mwanakhamis, Zarina, mgeni wa Msumbiji, na sinia la viazi vilivyokuwa vimeshaiva. Ulipotulia hapakusikika ila kukohoa. Mgeni wa Bangladesh, aliyeingia mwisho, aliona viazi vile na unga wake, akadhani ni nazi, akanyoosha mkono. Nasiha akauwahi mkono wake.

Alasiri walikaa kiwanjani kuzungumzia yaliyotokea. Jaffar alisimama, hakuzunguka.

"Niliwaambia njia tumeizuia makusudi," akasema. "Si kweli. Machela ilikwama kwa kuwa sikuipima. Niliichonga kwa kumwonea uchungu ndugu yangu, na nikaichonga zaidi kwa kutaka sifa. Tuandikieni mnavyoona."

Akaketi, akingoja kuambiwa kwamba Majengo wamewashinda. Mgeni wa Msumbiji alivua miwani na kupuliza unga.

"Kwetu huja vimbunga," akasema. "Zoezi letu la kwanza, mwenye kipaza sauti alipanda juu ya paa, ngazi ikaanguka, akakaa huko mpaka jioni akitutangazia tuje tumteremshe. Sisi tulidhani ni maneno ya zoezi, tukazidi kumkimbia. Mwaka uliofuata tulifunga ngazi kwa kamba. Kimbunga kilipokuja kweli, tulijua pa kwenda. Nyumba ziliondoka. Watu tulibaki. Huko Majengo tuliona watu hodari, lakini hakuna kilichoharibika, kwa hiyo sikuondoka na kitu cha kuwapelekea wenzangu. Hapa naondoka na mambo mawili. Zima jiko kwanza. Pima kona."

Zarina akainua mkono. "Na mimi je?"

"Na wewe, mama. Nitawaambia mahututi alikuwa mzuri sana."

Kamati ikabadilisha mafunzo yake jioni ile ile. Nasiha alikiri mbele ya wote kwamba "acheni kila kitu" lilikuwa neno lake, na halikutosha, na Bi Mwanakhamis akamsamehe baada ya kumkumbusha mara kadhaa. Jaffar alizipima kona zote za mtaa kwa kamba. Akaunda machela mpya ya turubai na miti miwili myembamba, ya kukunjika, ambayo wanawake wawili waliweza kuibeba. Haikuwa na ua hata moja. Ilimuuma, lakini aliinyamazia.

Masika yakaingia na mvua isiyo na simile. Asubuhi moja Zarina alikuwa akifungua duka alipoona ufa mpya kwenye ukuta wa nyumba ya mzee Abdulghafur, nyumba ya ghorofa iliyokuwa na miaka isiyojulikana. Mzee mwenyewe hakupata kuhudhuria mafunzo hata siku moja. Alisema nyumba ile imekiona kila kitu na haitaangushwa na manyunyu. Zarina hakubishana naye. Alimpigia Jaffar simu, na king'ora kikalia.

Milango ikafunguka. Safari hii majiko yalizimwa. Ungeweza kusikia swichi zikibofywa mlango hadi mlango. Jaffar na Ngowa wakapanda ghorofani, wakamkuta Abdulghafur kitini na goti lake bovu.

"Siendi," akasema mzee.

"Hutoenda," Jaffar akamjibu. "Utapelekwa."

Wakamweka kwenye machela akiwalaani kwa majina ya baba zao, wakamteremsha ngazi, wakakata kona ya kwanza, ya pili, na ile ya kwa Bi Mwanakhamis, bila kugusa ukuta. Walipokwisha kufika kiwanjani, na majirani wakihesabiana chini ya miavuli, ghorofa ya mzee ilitoa mngurumo kama wa mtu anayejinyoosha, na sakafu ya juu ikashukia ya chini. Vumbi lilipanda, mvua ikaliteremsha. Hakuna mtu aliyepata hata mkwaruzo. Kiti kilikuwa humo.

Abdulghafur, chali juu ya turubai, alitazama mahali palipokuwa na dari yake. Jaffar alichutama kando yake, akamfunika kwa mwavuli wake, akamshika bega.

"Waweza kuketi sasa, mzee wangu. Imekwisha."

"Niketi nifanyeje?" mzee akasema hatimaye, sauti yake ndogo. Akalipapasa turubai kwa kiganja. "Hapa pazuri. Mgongo umenyooka." Akatulia, akapangusa uso. "Lakini Jaffar, mwavuli wako huo wavuja upande wangu."

Jaffar akausogeza.